Nilishapunguzwa matiti, yamerudi: je, naruhusiwa kufanyiwa upasuaji mara ya pili?

SWALI: Assalaam alaykum warahmatullah, sheikh. Nina miaka 38, mama wa watoto wawili, mkazi wa Tanga. Nilipokuwa na miaka 21 marehemu baba alinipeleka India nikapunguzwa matiti, kwa sababu mgongo na shingo vilikuwa havinipi usingizi. Nikapata nafuu ya miaka mingi. Baada ya uzazi wa pili nilinenepa, na matiti yamerudi karibu kama yalivyokuwa. Mikanda ya sidiria imenichimba mabega, chini ya matiti harara haikauki, na sijida ikirefuka naumia. Wifi yangu anasema mara ya kwanza ilikuwa dharura, lakini mara ya pili ni kuchezea maumbile ya Mwenyezi Mungu. Mume wangu hajakataa wala hajakubali. Na sitaki kukuficha, sheikh: mbali na maumivu, nimechoka kutazamwa kila nipitapo sokoni. Je, nia hiyo inaniharibia? Na nikifanyiwa, nitaogaje na kuswali vipi nikiwa na bandeji kifuani?

JIBU: Wa alaykumus salaam warahmatullahi wabarakatuh, dada yangu.

Nianze na wifi yako, maana anachokihofia kina asili, ila amekiweka pasipo mahali pake. Katika Suratun Nisaa aya ya 119 Mwenyezi Mungu ametueleza ahadi ya Shetani kwamba atawaamrisha watu, nao watabadili alichoumba Allah. Na katika hadithi ya Ibn Mas'ud (r.a.), iliyopokewa na Bukhari na Muslim, wamelaaniwa wenye kuchanja michoro ya kudumu mwilini (tatuu) na wenye kuchanjwa, wanaonyoa nyusi, na wanawake wanaochonga mianya ya meno "kwa ajili ya uzuri". Maneno hayo ya mwisho ndiyo ufunguo. Imam Nawawi, ambaye sisi Mashafi wa pwani tunamsoma tangu chuoni, anasema katika ufafanuzi wake wa Sahih Muslim kuwa kilichoharamishwa ni kufanya hivyo kwa kutafuta uzuri. Akihitaji mtu kwa tiba au kwa kasoro ya jino, hapana ubaya.

Sasa hiyo "mara ya pili". Sahaba Arfaja bin As'ad (r.a.) alikatwa pua katika vita vya Kulab, zama za Jahiliya, kabla ya Uislamu. Akajitengenezea pua ya fedha. Ikamnukia vibaya. Mtume (s.a.w.) akamwamrisha atengeneze ya dhahabu, kama walivyopokea Abu Daud na Tirmidhi. Hadithi hii husomwa kila panapozungumzwa upasuaji, lakini wengi hupita haraka kwenye jambo moja: Arfaja alikuwa ameshatibiwa. Tiba ya kwanza ilimsaidia kisha ikamgeukia. Mtume hakumwambia "umeshajaribu, subiri". Alimwelekeza kwenye tiba ya pili, tena kwa dhahabu ambayo asili yake ni haramu kwa mwanamume. Kwa hiyo sheria haikuulizi umepasuliwa mara ngapi. Inauliza ile sababu iliyokuhalalishia mara ya kwanza ipo au haipo. Wanazuoni wa Usul, yaani misingi ya sheria, wanasema hukumu huzunguka na sababu yake, ikiwepo na isipokuwepo. Mgongo ule ule, mabega yale yale, ngozi ile ile inayochubuka: sababu imerudi, na ruhusa imerudi nayo.

Hili si la maoni yangu peke yangu. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, katika kikao chake cha 18 kilichofanyika Putrajaya, Malaysia, Julai 2007, lilijadili upasuaji wa urembo. Liliruhusu kurekebisha matiti ukubwa wake ukifikia kuleta hali ya ugonjwa, na likaruhusu kuondoa kasoro inayomletea mtu udhia wa mwili au wa nafsi. Likaweka masharti: daktari awe mjuzi, amweleze mgonjwa madhara yanayotarajiwa, pasiwe na njia nyepesi zaidi, na madhara yasizidi faida.

Masharti hayo ndiyo yanayonifanya nisikuandikie "nenda" moja kwa moja. Nilimuuliza daktari wa upasuaji tunayeswali naye msikiti mmoja, na nilichokielewa ni hiki. Mara ya kwanza daktari anapunguza nyama lakini anaacha kipande kinachopeleka damu kwenye chuchu. Anayepasua mara ya pili bila kujua kipande kilichoachwa ni kipi, anaweza kukikata, na chuchu ikafa. Kwa hiyo litafute lile faili la India, hata kama miaka 17 imepita. Waandikie hospitali, tafuta karatasi za marehemu baba. Lisipopatikana mwambie daktari waziwazi, kwani ana njia nyingine za kupunguza hatari, na hilo ni la kwake kuamua. Akishakueleza yote, muulize swali la fiqhi kwa lugha ya kitabibu: je, unatarajia faida kubwa kuliko madhara? Akisema hapana, basi hapo jibu langu linageuka, kwa sababu madhara hayaondolewi kwa madhara yaliyo mfano wake. Kwa umri wako watataka pia kuyapima matiti kwanza. Usilione jambo hilo kama usumbufu.

Kuhusu kunenepa. Najua wanawake hurushiwa neno hili kama jiwe, nami sikurushii. Lakini umesema mwenyewe kuwa yalirudi pamoja na uzito, na sharti la "njia nyepesi zaidi" linakutaka ulijadili hilo na daktari kabla ya kisu. Kuna ambao uzito ukishuka na kifua hupungua, na kuna ambao hakishuki hata wakonde vipi. Ukiwa wa kundi la pili, hakuna wa kukulaumu.

Nia yako ya sokoni nimeisoma mara mbili. Dada yangu, anayekutazama ndiye aliyeamrishwa na aya ya 30 ya Suratun Nur kuinamisha macho. Dhambi yake usiibebe wewe. Kutaka kupumzika na macho ya watu si sawa na kutafuta kujipamba. Ungeniandikia kwamba huna maumivu yoyote ila unataka umbo la msichana wa kwenye tangazo, ningekujibu vingine kabisa. Maumivu ndiyo msingi, na faraja ya nafsi ikifuata nyuma haiharibu kitu.

Mume wako ashirikishwe. Idhini ya upasuaji ni yako, wewe ni mtu mzima mwenye akili timamu, lakini naye ana haki ya kusikilizwa, na huenda ukimya wake ni hofu tu ya nusu kaputi. Mchukue muende naye kwa daktari. Hukunieleza kama mnataraji mtoto mwingine. Kama mnataraji, ni bora kusubiri, kwa kuwa mimba inaweza kuyakuza tena, na upasuaji unaweza kupunguza maziwa. Kama itatokea mimba baadaye na maziwa yakawa haba, huna dhambi. Aya ya 233 ya Suratul Baqara, inayotaja miaka miwili ya kunyonyesha, ndiyo hiyo hiyo inayoruhusu mtoto anyonyeshwe na mwingine.

Mtafute daktari wa kike Mwislamu mwenye ujuzi huo. Akikosekana, wa kike asiye Mwislamu anayeaminika, kisha mwanamume Mwislamu, kisha mwanamume asiye Mwislamu. Sikufichi kwamba huenda ukafika hatua ya tatu au ya nne, wajuzi wa kazi hii ni wachache. Ukifika huko asifunue zaidi ya panapohitajika, na asiwe peke yake nawe chumbani.

Ama tahara na swala. Kifua si kiungo cha udhu, kwa hiyo utatawadha kama kawaida, na ukishindwa kuinua mikono mtu akumiminie maji. Tatizo ni josho la janaba au hedhi: osha palipo pazima, pangusa bandeji kwa maji, kisha tayamamu. Vitabu vyetu vina maneno marefu juu ya bandeji iliyofungwa bila tahara, kama swala zilizoswaliwa nayo zirudiwe au la, nawe utafungwa ukiwa umelala. Mimi nachukua kauli ya wasiomlazimisha mgonjwa huyo kurudia swala zake. Swala itakayokupita ukiwa chini ya dawa ya usingizi, ilipe ukizinduka, ndiyo salama zaidi.

Imran bin Husayn (r.a.) alikuwa na bawasiri, Mtume akamwambia aswali amesimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Wewe kusimama utaweza, basi simama. Rukuu na sijida vikikuuma, inamisha kichwa ukiwa kwenye kiti, na ya sijida iwe chini zaidi kuliko ya rukuu. Siku kidonda kikikuruhusu kufika chini, ndiyo siku kiti kinaondoka.

Wallahu aalam.