Maswali ya Wasomaji: Darubini ya Kioo Shuleni

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule ya sekondari wilayani Kongwa. Wanafunzi wangu wanataka kuunda darubini ya kioo itakayowaonyesha pete za sayari ya Zohali. Je, tunaweza kusaga kioo wenyewe, na tutumie stendi ya aina gani? – Mwalimu, Kongwa

JIBU: Mwalimu, kusaga mnaweza. Hata hivyo, tunawashauri mnunue kioo kikuu kilichokwisha kupakwa alumini, pamoja na kile kidogo bapa na lenzi ya jicho (ile ya kuchungulia), kisha sehemu nyingine zote mziunde wenyewe.

Sababu si ugumu wa kusaga. Kioo chenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kioo hadi mwanga unapokusanyika) wa milimita 900 huchimbwa katikati kwa kina kisichofikia hata milimita moja, kazi inayofanywa kwa mikono kwa kusuguanisha vipande viwili vya kioo kinene vilivyotiwa maji na unga mgumu wa kusagia uitwao karborandamu. Na kwa vipimo hivyo umbo la tufe linatosha, bila kuhangaika na parabola, yaani mbonyeo ulio mgumu zaidi kuuchonga. Kung'arisha kwa lami na oksidi ya seriamu (unga laini wa kung'arishia) ndiko kunakochosha, lakini hata huko makosa ya uso hupimwa kwa taa ndogo na wembe, kwa njia aliyoibuni mwanafizikia Mfaransa Léon Foucault katika miaka ya 1850. Kikwazo ni kupaka alumini. Kioo kitupu hurudisha takriban asilimia 4 tu ya mwanga, na alumini hupakwa ndani ya mtambo ulioondolewa hewa, ambao si wa karakana ya shule. Ipo njia ya zamani ya kupaka fedha kwa nitrati ya fedha na amonia, ila mchanganyiko huo ukiachwa ukae unaweza kulipuka, nasi hatutaki uwe mikononi mwa wanafunzi.

Kuhusu stendi, achaneni na ile yenye mhimili unaoelekezwa kwenye ncha ya anga, yaani mahali ambapo nyota zote huonekana kuzunguka. Kongwa iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo ncha ya kusini iko nyuzi 6 tu juu ya upeo wa macho, na mhimili ungelazimika kulala karibu sambamba na ardhi, jambo ambalo stendi nyingi za madukani haziwezi. Tengenezeni sanduku la plaiwudi linalozunguka kushoto na kulia, huku bomba la darubini likiinuka na kushuka ndani yake, kwa mtindo ulioenezwa na mtengenezaji wa darubini John Dobson huko San Francisco. Fundi seremala yeyote atauelewa mchoro wake.

Lenzi ya jicho ya milimita 10 itawapa ukuzaji wa mara 90, ambao kwa pete unatosha kabisa. Mwaka 2025 pete hizo zilituelekea kwa ukingo zikawa kama uzi, na tangu hapo zinazidi kufunguka hadi mwanzoni mwa miaka ya 2030, basi hamjachelewa.

Kiangazi, kuanzia Mei hadi Oktoba, ndicho kipindi chenu cha anga safi, lakini pia ndicho kipindi cha upepo na vumbi. Funikeni bomba kila mnapomaliza, wala msifute kioo kwa kitambaa kikavu, kwa sababu mchanga hukwaruza alumini. Vumbi likizidi sana, kioshwe kwa maji safi yenye matone machache ya sabuni, kisha kisimamishwe kijikaukie chenyewe.