Kununua ng'ombe mzima kwa mfugaji: anza na friza

Majirani wa Makorora au Ngamiani, hapa Tanga mjini, wakipanga kuchangia ng'ombe kutoka Handeni au Kilindi, huanza na bei. Afadhali wangeanza na friza. Friza ya kulala ya lita 200 inaingiza kilo 80 na ushei za nyama iliyofungwa vizuri, ila haiwezi kuzigandisha zote kwa siku moja. Kwa saa 24 inamudu kilo 10 hadi 15 hivi. Ukiijaza nyama yenye joto mpaka juu, ya pembeni itaganda na ya katikati itaanza kunuka ikiwa imezungukwa na barafu. Kwa hiyo idadi ya wachangiaji ipangwe kwa friza zilizopo, mfuko ufuate. Ng'ombe wa Idi el-Haj huchangiwa na watu saba. Wa friza, wanne wanatosha.

Sasa hesabu. Mnadani na bomani ng'ombe huuzwa kwa kukisia kwa macho, na jicho la muuzaji limezoea kuliko lako. Chukua futikamba ya fundi cherehani. Pima mzunguko wa kifua nyuma ya miguu ya mbele, kisha urefu toka ncha ya bega hadi mfupa wa tako, kwa sentimita. Zidisha mzunguko kwa mzunguko, zidisha kwa urefu, gawanya kwa 10,840. Mzunguko wa 145 na urefu wa 125 ni kama kilo 242. Ni makisio, lakini yanakupa pa kusimamia.

Ng'ombe wa kienyeji wa uzito huo akichinjwa, akatolewa ngozi, kichwa, miguu na matumbo, hubaki karibu nusu: tuseme kilo 115. Mifupa inachukua kama robo ya hizo. Ukiondoa na maji yanayopotea na vipande vya kutupa, unabaki na steki kama kilo 80. Tuseme ng'ombe, usafiri, machinjio na mkataji vimefika shilingi 1,280,000. Steki imesimama 16,000 kwa kilo. Nyama ya mchanganyiko, yaani zile kilo 115 pamoja na mifupa, zaidi kidogo ya 11,100. Linganisha na bucha steki kwa steki, mchanganyiko kwa mchanganyiko. Mara nyingi utakuta nafuu si kubwa kama ulivyodhani. Faida yenyewe ni kuchagua mnyama.

Mchague basi. Maksai mwenye meno mawili au manne ya ukubwani, yaani wa miaka miwili hadi mitatu hivi, ndiye bora. Mwenye meno yote manane bado anafaa, ila nyama yake inataka moto wa muda. Shika shina la mkia: ukigusa mfupa mtupu, huyo hana mafuta. Tumbo lililovimba lisikudanganye, kuna wanaolisha chumvi ili mnyama anywe maji mengi kabla ya mteja kufika. Tanga tuna ng'ombe wengi wa maziwa, na majike waliochoka huuzwa rahisi. Wanafaa kwa supu na kusaga, si kwa kuchoma. Kwa hao hasa, uliza sindano ya mwisho ilichomwa lini. Oksitetrasaiklini ya asilimia 20, dawa ya kuua bakteria inayotumika sana huku kwa magonjwa yanayoletwa na kupe, kwa kawaida hutaka zipite siku 28 kabla ya kuchinja.

Msimu mzuri ni Juni hadi Agosti, majani ya masika yakiwa yameshamnenepesha. Mwishoni mwa kiangazi, Februari na Machi, unalipia mifupa.

Pata kibali cha kusafirisha kwa afisa mifugo, kisha mpeleke machinjio. Mkaguzi amwone akiwa hai na aione nyama kabla ya kugonga muhuri. Minyoo ya tegu na kifua kikuu huonekana kwa aliyefunzwa, wewe hutaviona. Mnyama aliyeshuka garini apumzike usiku kucha, apewe maji bila majani. Aliyechinjwa akiwa amechoka na kuhangaika hutoa nyama nyeusi, inayonata na isiyokaa, kwa sababu sukari ya misuli imeisha na nyama haipati ule uchachu wa kuilinda.

Kabla kisu hakijagusa, elewaneni ngozi, kichwa, kongoro na matumbo ni vya nani. Ugomvi mwingi huanzia hapo. Sarara nayo, kwa ng'ombe huyu haizidi kilo tatu, basi kila sehemu ikatwe mara nne na mafungu yapigiwe kura. Asiwepo wa kupewa paja na mwingine shingo.

Nyama isiende friza moja kwa moja. Ikigandishwa kabla misuli haijakaza na kulegea, inakuwa ngumu kama raba. Ilaze kwenye friji, karibu nyuzi 4, kwa saa 24. Ndipo uifunge kilo mojamoja, bapa, unene wa inchi mbili, hewa ikiwa imetolewa na tarehe imeandikwa. Friza iwe imewashwa tangu jana yake, na pakiti zigusane na kuta zake kwanza. Ya kusaga na maini viliwe ndani ya miezi mitatu; vipande vikubwa hufika hata tisa.

Umeme ukikatika, usifungue kutazama. Friza iliyojaa na kufungwa hushikilia baridi kama saa 48, iliyojaa nusu kama 24. Nyama ikipungua, jaza nafasi kwa chupa za maji.