“Wash up”: kwanza jua nani anasema, na saa ngapi

Ninyi mnaoanza masomo au kazi ughaibuni, msilidharau neno hili.

Kiingereza changu nilikipata shuleni, na tulichofundishwa ni cha Uingereza: “wash up” ni kuosha vyombo, basi. Nikaenda Marekani, nikapokewa na familia moja. Jioni ya pili mama mwenye nyumba akaita, “Wash up, dinner’s ready!” Nikakunja mikono ya shati, nikayavamia masufuria aliyopikia. Kumbe wenzangu wote wameshakaa mezani, chakula kinapoa, wananingoja mimi. Hakunikemea. Alikuja akafunga bomba, akanieleza kwamba alitaka ninawe mikono tu. Usiku ule sikulala vizuri, maana nilijua yapo maneno mengine mengi niliyoyabeba kwa maana moja.

Sisi mikono tunanawa, vyombo tunaosha, nguo tunafua, mwili tunaoga. Kitenzi chenyewe kimeshakwambia kinachosafishwa ni nini. Kiingereza kina “wash” moja kwa yote hayo, kwa hiyo maana utaitafuta kwa msemaji na kwa wakati. Mmarekani akikwambia “wash up” kabla ya kula, kanawe mikono na uso. Mwingereza akikwambia baada ya kula, vyombo vinakusubiri. Mmarekani akitaka vyombo vioshwe husema “do the dishes”.

Mnaokwenda Uingereza, hasa kwa kazi za majumbani na hotelini, hapa ndipo pa kutega sikio: “do the washing” ni kufua nguo, “do the washing-up” ni kuosha vyombo. Tofauti ni hiyo “up” ya mwisho, na mtu akisema haraka unaweza usiisikie kabisa. Vivyo hivyo “washing-up liquid” ni sabuni ya maji ya vyombo. Ukiimimina kwenye mashine ya kufulia, povu litafurika mpaka sakafuni. Ukiwa na shaka, uliza: “The clothes or the dishes?” Mimi niliuliza hivyo miezi mingi, na sijutii hata mara moja.

Iko maana nyingine isiyohusu sabuni: kitu kuletwa ufukweni na mawimbi. Juni 2016 kipande cha bawa la ndege kilipatikana kisiwani Pemba, na baadaye wachunguzi wakathibitisha ni cha ile MH370 ya Malaysia iliyopotea Machi 2014. Kwa Kiingereza utasema kipande kile “washed up” Pemba.

Lakini usimwambie mtu “you’re washed up”. Hapo umemwambia amechuja, zama zake zimekwisha, kama wanavyosemwa wasanii na wachezaji walioshuka. Nilimsikia kijana mgeni akimwambia hivyo msimamizi wake aliyetoka bafuni, naye mzee wa watu akabaki kimya na taulo begani. Kijana alitaka kusema tu, “You’ve had your shower.”