Mwanangu Hakutoka Kwenye Chupa

Ujumbe uliingia wiki iliyopita baada ya sala ya Isha, kwa namba nisiyoijua. Binti mmoja wa Konde. Alinisalimia kwa adabu, akaniletea picha ya mtoto, kisha akaniuliza: "Dada, huyu si mwanao? Nimeambiwa ulitumia boksi la vidonge vya uzazi miezi mitatu tu ukashika mimba. Mimi nina miaka miwili na nusu ndani ya ndoa, mawifi washaanza maneno. Boksi linauzwa shilingi 250,000. Nataka niuze hereni zangu za harusi. Nambie kweli dada, vinasaidia?"

Mtoto ni wangu. Picha ni ile ya arubaini yake, tuliyompiga barazani kwa mama, nikaiweka kwenye stetasi ili jamaa walio Unguja na Dar es Salaam wamuone. Mtu kaichukua, kaiandika juu yake "matokeo ya miezi 3", na sasa inazunguka Pemba ikiuza vidonge. Mikono ilinitetemeka. Miaka minne na zaidi nilimuomba Mungu mtoto yule, halafu anatokea mtu anamfanya bango la duka.

Usiku ule ule nilimjibu: usiuze hereni. Yaliyobaki nayaandika hapa, kwa sababu najua wapo wengi wanaoshika simu saa hizi wakitafuta jibu la swali hilo hilo, na majibu wanayopata yanatoka kwa wauzaji.

Niliolewa Disemba 2018, hapa hapa Wete. Mwaka wa kwanza sikuwa na wasiwasi. Wasiwasi nilitiwa na watu, na ulianza msimu wa karafuu. Aliyekulia Pemba anajua usiku wa kuchambua: wanawake mmejipanga kwenye majamvi, mikono inatenga karafuu na makonyo, midomo haina kazi nyengine. "Na wewe tumbo bado?" Mmoja akasema nina chango. Mwengine akasema jini mahaba, nitafutiwe kombe. Wa tatu akanipa hesabu ya habasoda na asali, kijiko asubuhi na kijiko usiku. Wote walikuwa wananipenda, sina shaka na hilo. Lakini kila nikirudi nyumbani nilikuwa na dawa mpya na moyo mzito zaidi.

Usiku mmoja wa msimu huo, bibi mmoja tunayejuana naye kifamilia aliniita pembeni. Akafungua mkoba, akatoa chupa nyeupe yenye picha ya mama na kichanga. Kasema inasafisha kizazi, inapevusha mayai, inafungua mirija, inarekebisha homoni. Chupa moja inafanya kazi zote hizo! Shilingi 65,000. Nilimlipa kwa pesa ya uchambuzi niliyokuwa nimeiweka kwa ajili ya kitanda.

Nina tabia ya kuandika matumizi kwenye daftari, kwa hiyo nayajua ninayoyasema. Mpaka mwisho wa 2022 nilikuwa nimetumia shilingi 1,870,000. Chupa za maca, ule mzizi wa kigeni unaosifiwa kwa uzazi, chupa za mitishamba kutoka ng'ambo, unga wa mlonge uliofungwa kwenye pakti nzuri wakati mti wenyewe umesimama uani kwetu, vidonge vya zinki na seleniamu vya mume wangu. Yeye vidonge alimeza bila kinyongo. Kupima ndiko alikokataa. "Mimi mzima," akisema, "baba yangu kazaa tisa." Na mimi nikanyamaza, kwa sababu hapa kwetu mke akimwambia mume akapime, kesho maneno yako kwa mama mkwe.

Sasa sikilizeni jambo ambalo mpaka leo linaniuma. Katika muda wote ule, siku zangu zilikuwa zinakuja baada ya siku 45, mara nyengine 60. Hakuna muuzaji hata mmoja aliyeniuliza mzunguko wangu ukoje. Nilipomweleza mwenyewe yule bibi kwamba nimechelewa, alisema ndiyo dawa inafanya kazi. Kila nikichelewa nilidhani ni mimba. Nilinunua kipimo, nikakificha kwenye pindo la kanga, nikasubiri mistari miwili, ukatoka mmoja. Nilifanya hivyo mara nyingi mno.

Mapema 2023 nilipanda boti Mkoani, nikashuka Malindi, nikafikia kwa shangazi yangu Jang'ombe. Shangazi ndiye aliyenipeleka kwa daktari wa wanawake, mama mmoja mpole asiye na maneno mengi. Akanitoa damu. Majibu yaliporudi yalionesha tezi ya shingo inafanya kazi kupita kiasi. Daktari akanitazama mikono, akaniuliza kama moyo unanienda mbio, kama natokwa na jasho, kama nimekonda. Hapana, hapana, hapana. Akaiweka karatasi chini. "Unakunywa dawa gani?" Niliona haya. Nikasema vitamini tu. Akaniambia nimletee zote.

Kesho yake nilimpelekea kikapu cha ukili chenye chupa saba. Alivaa miwani akasoma lebo moja baada ya moja, maandishi madogo yale ambayo mimi sikuwahi kuyasoma. Kwenye chupa ya tatu akasimama. Biotini, aina ya vitamini B, mikrogramu 10,000 kwa kidonge. Mtu mzima anahitaji kama mikrogramu 30 kwa siku. Akanieleza kwamba biotini ikizidi mwilini inavuruga usomaji wa baadhi ya mashine za maabara, na vipimo vya tezi ni miongoni mwa vinavyovurugika. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo juu ya jambo hilo mwaka 2017. Aliniachisha kila kitu kwa wiki moja, tukapima upya. Tezi yangu nzima kabisa. Kama asingeuliza, huenda ningeanzishiwa matibabu ya maradhi nisiyokuwa nayo, kwa sababu ya chupa niliyoinunua ili nizae.

Maradhi yangu ya kweli yalionekana kwa vipimo vyengine vya homoni na ultrasaundi. Mayai yangu yalikuwa hayapevuki kila mwezi. Ni hali inayoitwa PCOS, na si ya ajabu: inakadiriwa kuwa nayo wanawake 8 hadi 13 kati ya kila 100 walio katika umri wa kuzaa, na wengi hawajijui. Dalili yake kubwa ilikuwa ile ile niliyokuwa naiona kila mara na kuiita "kuchelewa": mzunguko unaopita siku 35.

Lakini daktari alikataa kunipa kidonge hata kimoja kabla mume wangu hajapima. Kasema hawezi kumtibu mke peke yake, hiyo ni nusu ya tatizo. Sijui shangazi alimwambia nini kwenye simu, ila Ijumaa ile mume wangu alipanda boti akaja. Majibu yake yakawa mazuri. Na bei ya kipimo chake haikufika bei ya chupa moja katika zile alizokuwa akimeza. Alikaa kimya siku nzima. Jioni akaniomba msamaha, na hilo nalitaja kwa ruhusa yake, ili wanaume wenzake wasome.

Nikapigwa picha ya mirija kwa ile dawa inayopitishwa ndani, ikaonekana iko wazi. Kisha nikaandikiwa letrozole, dawa ya kupevusha mayai, kidonge kimoja kila siku kwa siku tano mwanzoni mwa mzunguko, huku daktari akifuatilia mayai kwa ultrasaundi. Msikimbilie kuinunua dukani kwa jina hilo, nakuombeni. Inataka mtu anayejua anachokitazama. Mzunguko wa tatu nikashika mimba. Binti yangu alizaliwa Aprili 2024.

Yule bibi alipopata habari alikuja kunipongeza, akaiona kabatini chupa yake iliyobaki nusu. Akasema mbele ya mama mkwe, "Si nilikwambia?" Nilikuwa nimeiacha tangu siku ile ya kikapu. Nikanyamaza tena, kwa heshima. Ukimya ule ndio uliozaa picha inayozunguka leo.

Sasa mdogo wangu wa Konde, nikujibu sawasawa. Vinasaidia?

Kipo kimoja ambacho nakwambia kimeze: foliki asidi, nayo ni aina ya vitamini B, mikrogramu 400 kila siku, kuanzia pale mnapoanza kutafuta mtoto mpaka wiki ya 12 ya mimba. Hii ndiyo kauli ya Shirika la Afya Duniani. Lakini elewa kazi yake. Haikufanyi ushike mimba. Inamkinga mtoto asizaliwe na mgongo wazi, kwa sababu mfereji wa uti wa mgongo wake unafunga ndani ya siku 28 za mwanzo, wakati wengi wetu hatujajua hata kama tuna mimba. Ndiyo maana unaanza mapema. Na foliki hupewa wajawazito kliniki, haihitaji boksi la shilingi 250,000. Kunde, maharage, mchicha na mayai navyo vina sehemu yake. Kama umepimwa ukaonekana una upungufu wa damu au wa vitamini D, tibu upungufu huo. Ukishapimwa.

Vyengine vingi ushahidi wake ni dhaifu, na kimoja kilichopimwa vizuri kilishindwa. Mwaka 2020 JAMA, jarida la madaktari la Marekani, lilichapisha utafiti wa Marekani uliochukua wanaume 2,370 ambao ndoa zao zilikuwa zikitafuta matibabu ya uzazi. Nusu walipewa foliki na zinki kwa miezi 6, nusu wakapewa vidonge vitupu visivyo na dawa ndani. Waliopata watoto walikuwa 34 kwa 100 upande wa dawa, na 35 kwa 100 upande wa vidonge vitupu. Mbegu hazikuongezeka. Kilichoongezeka kwa waliomeza dawa ni maumivu ya tumbo na kichefuchefu. Nilipomsomea mume wangu, alikwenda mwenyewe kuzitupa zilizobaki.

Utaniuliza, mbona wapo walioshika mimba wakizitumia? Wapo, na hawasemi uongo. Katika kila ndoa 100 zinazotafuta mtoto bila kinga, zaidi ya 80 hupata mimba ndani ya mwaka mmoja bila kumeza chochote, na karibu nusu ya waliobaki hupata mwaka wa pili. Uza boksi kwa watu hao, na kila mwezi utapata mama wa kumpiga picha. Waliomeza wasipate, kama mimi, hakuna anayewapiga picha.

Na vidonge si maji. Vitamini A ya aina ya retinoli ikizidi inaweza kumdhuru mtoto tumboni, na mtu anayemeza chupa tatu kwa pamoja hajui anajumlisha nini. Soma lebo. Dukani uliza kama kitu kimesajiliwa na ZFDA, Wakala wa Chakula na Dawa Zanzibar. Akikujibu kwa hasira, ondoka.

Kapimeni. Nyote wawili. Kama hujafika miaka 35 na umeshatimiza mwaka unatafuta, nenda; ukishafika 35, usingoje zaidi ya miezi sita. Kama siku zako zinaruka ruka kama zangu, usingoje hata mwaka, nenda sasa. Mirija iliyoziba kwa maambukizi ya zamani haizibuliwi na kidonge cha mitishamba. Yai lisilopevuka halishawishiwi na habasoda. Mimi habasoda naipenda, iko jikoni kwangu, natia kwenye mikate. Haikuniletea mtoto.

Kaka zangu, kapimeni. Karibu nusu ya ndoa zenye tatizo hili, mwanamume ana sehemu yake ndani. Kupima si kukiri kosa. Baba yako kuzaa tisa hakukupi wewe majibu ya maabara. Mke wako analala akilia, na wewe unameza zinki.

Na nyinyi mawifi na mama wakwe, niwieni radhi nikisema hivi nikiwa mdogo. Maneno yenu ndiyo yanayompeleka mtoto wa watu kwa muuza chupa. Mukimuona kimya kwenye jamvi la karafuu, mwacheni achambue. Dua muombeeni, kama Nabii Zakaria alivyoomba na uzee wake, na asubuhi mumpe nauli ya spitali.

Miaka ile nimeshaisamehe. Pesa nimeshaisamehe pia, ingawa bado nina lile daftari. Picha sijaisamehe. Dada yangu uliyeiweka, unajijua, na mimi nakujua, na jina lako silitaji kwa sababu tumekula sahani moja. Juzi nimekupigia mara mbili hukupokea. Mwanangu ana jina lake, ana baba yake, na alipatikana kwa rehema ya Mola na kwa mkono wa daktari aliyesoma lebo ambazo wewe hukuzisoma. Iondoe picha yake.