Mvua kukatika si mto kushuka: msipite njia ya chini mchana huo

Msiende. Nimelisoma swali lako mara mbili, na kila nilipofika pale unaposema kwamba mtajikunyata hemani mpaka mvua ikatike saa sita, kisha mtashika njia ya baiskeli ya ukingoni mwa mto "kwa sababu jua litakuwa limetoka", tumbo limenikata. Maneno hayo niliyaandika mimi, karibu yote kama yalivyo, katika daftari langu la safari, na daftari hilo sasa limezikwa kwenye tope pamoja na mfuko wa kushoto wa baiskeli yangu.

Mvua kukatika pale mlipo hakumaanishi kwamba mto umeanza kushuka. Maji yatakayopita mbele yenu saa tisa alasiri si yale yaliyowalowesha asubuhi. Ni yale yaliyonyesha mbali huko juu, kwenye miteremko na vijito, nayo huchukua muda kukusanyika na kuteremka. Katika mto mfupi wenye mteremko mkali muda huo ni wa saa chache, pengine hata dakika, lakini katika mto mrefu unaweza kuwa siku nzima au zaidi. Ndiyo maana mtu huweza kuota jua, soksi zake zikianikwa kwenye usukani, huku maji yakipanda nyuma ya mgongo wake bila kelele. Ubaya mwingine ni wa njia zenyewe: kwa kuwa hufuata ukingo ili kukwepa milima, hupita mahali pa chini kuliko pote, na pale zinapopenya chini ya daraja la barabara ndipo hufurika kwanza.

Mimi nilifika kwenye upenyo wa namna hiyo mchana, jua likiwaka. Maji ya rangi ya udongo yalikuwa yametanda hatua kama thelathini, yametulia kama sakafu iliyopigwa sementi, na ng'ambo yake niliiona njia ikiibuka, kavu, ikinialika. Mwenyeji aliyetulaza usiku uliotangulia alikuwa amenihakikishia, kwa sauti ya mtu aliyezaliwa na mto ule, kwamba mahali pale maji hufika kwenye kifundo cha mguu tu na kwamba watu hupita. Watu gani? Mpaka leo natamani kukutana nao. Nilikuja kujua baadaye kwamba yeye mwenyewe hakuwa ameshuka ukingoni tangu kiangazi na wala hapandi baiskeli. Simlaumu sana. Nasema uongo, namlaumu sana. Mtu anayekutajia kina cha maji ambayo hakuyaona siku hiyo anakupa kumbukumbu zake, na kumbukumbu hazikuvushi.

Nikaingia nikipiga pedali. Hatua kumi za kwanza zilikwenda vizuri, na nakiri kwamba nilianza kutabasamu. Maji yalipofika kwenye ekseli, ile mifuko ya nyuma niliyokuwa nikijisifia kwamba haiingizi tone ikageuka maboya: ikaliinua gurudumu la nyuma, likapoteza mshiko, likaanza kwenda mrama. Hapo ndipo nilipogundua kwamba utulivu ule ulikuwa wa juu tu, kwa kuwa katikati ya nguzo za daraja maji hubanwa na huongeza kasi. Gurudumu la mbele likatoka kwenye ukingo wa njia ambao sikuweza kuuona, nami nikajikuta nimezama hadi mapajani, mkono mmoja umeng'ang'ania reli ya daraja na mwingine fremu. Mfuko wa kushoto ulichomoka kwenye keria na kuondoka zake bila haraka, kama abiria aliyefika kituo chake.

Usidhani kwamba nilikuwa dhaifu tu, ingawa huenda nilikuwa hivyo pia. Maji yaendayo kasi yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima, na sentimita 30 zinatosha kulisomba gari dogo. Baiskeli yenye mizigo ni nini mbele ya hayo? Nilipotoka vidole vilikuwa vimekufa ganzi kiasi cha kushindwa kufungua kifungo cha helmeti, maana maji hunyonya joto la mwili takriban mara 25 kuliko hewa iliyotulia, na nguo zangu kavu zilikuwa safarini kuelekea baharini. Baada ya siku tatu beringi za magurudumu na za pedali zikaanza kusaga kama jiwe la kunolea; fundi alipozifungua, grisi ilitoka ikiwa na rangi ileile ya maji ya darajani.

Kwa hiyo, ukitazama chini usipoiona njia, geuza. Usipime kwa gurudumu, wala usimsubiri mwenzako atangulie. Leo hii, kabla hamjafunga mizigo, chora kwenye ramani barabara ya juu ya kila kipande cha njia ya ukingoni. Kama mto wenu una vituo vya kupimia kina, soma kituo kilicho juu yenu, upande maji yanakotoka, si kile kilicho karibu nanyi. Kama havipo, chomeka kijiti pale maji yanapokomea na ukitazame tena baada ya robo saa.

Uliuliza pia kuhusu madigadi na koti la mvua. Madigadi yafungwe, na la mbele liwe refu, la sivyo mchanga utazila raba za breki mapema. Kuhusu koti la mvua siwezi kukushauri kitu. Langu lilikuwa zuri sana, na kwa kuwa jua lilikuwa limetoka, nilikuwa nimelikunja na kulitia kwenye mfuko wa kushoto.