Mnaniuliza juu ya ile picha ya bahari, sasa nawajibu

Ndugu zangu wa Goma, na nyinyi wa Bukavu mlioiona pia, tangu niweke ile picha yetu tukiwa baharini huku Ubelgiji simu haijatulia. Mdogo wangu wa Katindo ameandika "yaya (dada mkubwa), kumbe Ulaya ni kula maisha tu". Mama mdogo akatuma sauti ndefu akiuliza mtu anaendaje kuoga bahari na minervali, ile ada ya shule ya watoto, bado haijalipwa. Na kuna kijana mmoja wa Majengo, hata hatufahamiani vizuri, yeye hakuzunguka: kule unalipwa ngapi na mimi nije kwa njia gani. Nawajibu wote hapa hapa na nawajibu ukweli, juu nikianza na mmoja mmoja nitajikuta namwambia kila mtu kile anachotaka kusikia.

Picha ni ya kweli. Ni mimi na watoto wangu, yule mwenye kofia ni mwenzetu wa Uvira, na yule mama wa kitenge cha njano ni jirani yangu, mtu wa Lubumbashi, gari ni lake. Hatukupanga kitu. Ijumaa usiku patroni aliniandikia kwamba ile nyumba ya kusafisha kesho yake wenyewe wamesafiri, basi hakuna kazi, nikaangalia meteo nikaona digrii 28, na hapa Bruxelles jua kama hilo likiangukia siku ambayo hauna kazi, kwa kweli hauliachi lipite. Nikamgongea jirani mlango, nikamwambia mama, kesho twende bahari? Akasema twende. Tukampigia mwenzetu wa Uvira akasema anakuja. Nikakaanga kuku usiku ule ule, jirani akapika mandazi, na asubuhi saa moja tuko ndani ya gari.

Sasa hapo njo nataka mnisikilize vizuri. Nyinyi mliangalia maji, na mimi kilichoniingia moyoni kwanza ilikuwa barabara. Toka Bruxelles mpaka Ostende ni kama kilomita 115, unashika barabara kuu ya E40, unapita Gent, unapita Brugge, gari dogo halilipi kitu njiani, na kama hakuna foleni ni saa moja na kidogo. Siku ile foleni ilikuwepo, nchi nzima ilikuwa imeliona jua kama sisi, tukatumia karibu saa mbili. Lakini ndani ya hizo saa mbili hakuna aliyetusimamisha. Hakuna kamba barabarani, hakuna mtu wa kuomba "ya maji", hakuna wa kufungua buti aangalie tumebeba nini. Mwisho wa mwendo ni 120, ukizidisha kamera inakupiga picha na barua inakufuata nyumbani, unalipa kwa benki, hakuna kubembelezana na askari kando ya barabara.

Mimi nimekulia Himbi, pale Goma. Bukavu iko upande wa pili wa ziwa letu wenyewe, Kivu, kwa barabara ni kama kilomita 200 kupitia Sake, Minova, Kalehe, na sikumbuki hata siku moja niliyoamka nikasema leo naenda Bukavu kutembea, nikaenda. Ilikuwa kwanza kuuliza nani ametoka kule, barabara iko namna gani, mvua imenyesha wapi, barieri ziko ngapi na kila moja inataka ngapi, ama basi ni boti, na boti nayo ni kuuliza ni ya nani na imejaa kiasi gani. Hata Gisenyi ya Rwanda, ambako ni mguu tu, unavuka kwenye mpaka pale Grande Barrière na jeto yako, ile karatasi ya kuvukia, unakaa pale kwenye mchanga, lakini jicho liko kwenye saa kwa sababu mpaka utafungwa. Kuamua usiku na kuondoka asubuhi bila kuuliza mtu, nilikuwa sijakijua hicho kitu mpaka nikafika huku. Ukiniuliza Ulaya imenipa nini, kabla ya franga nitakutajia hicho.

Bahari yenyewe sasa. Tulifika Ostende tukakuta maji yako mbali kule, mchanga mtupu mbele yetu, mtoto akaniuliza mama maji yameenda wapi. Yalikuwa yamekupwa. Sisi wa ziwa hatujazoea hayo, Kivu inakaa pale ilipo, kumbe hapa maji yanapanda na kushuka kama mita nne, mara mbili kwa siku, na mchana yalirudi mpaka tukavuta taulo nyuma. Na ni baridi jamani. Mwezi wa nane kabisa, watu wamejaa, maji hayafiki digrii 20 vizuri, unaingia mguu mmoja na mwili wote unalalamika. Ziwa letu linakaa kwenye 24 hivi mwaka mzima, ninyi mnaliona kitu cha kawaida tu.

Kuna jambo moja pale lilinifanya nikae chini. Kwenye mchanga kuko waokozi, vijana wenye filimbi, wanasimamisha bendera: ya kijani unaogelea, ya njano unajichunga, nyekundu hakuna mtu kuingia. Na watoto wanawavika kibangili cha mkono, bure, unaandika namba ya simu ya mzazi ili mtoto akipotea wakupigie. Binti mmoja pale alimvika mtoto wangu wa mwisho kile kibangili taratibu, akakivuta kidogo kuona kama kimeshika, na mimi nikawaza Kituku, ile bandari ya Goma. Mnakumbuka tarehe 3 mwezi wa kumi 2024, ile boti Merdi iliyotoka Minova ikazama karibu kabisa na bandari, watu wanaangalia toka nchi kavu. Wale watu walipanda boti juu barabara ya Minova ilikuwa imekatwa na vita. Boti imejaa kupita kiasi, makoti ya kuelea hakuna. Huku mtoto anayecheza kwenye maji ya magoti ana mtu mzima anayelipwa mshahara kumwangalia. Sisemi hivi kuwaumiza. Nasema juu hii tofauti siyo ya Mungu, ni ya watu, na kuwapa abiria makoti na kukataa kujaza boti hakuhitaji utajiri wa Ulaya.

Halafu kuko sanamu. Mtu wa kwetu akienda Ostende lazima ataikuta, iko juu ya ukingo wa bahari, Leopold II, mfalme wa zamani wa Ubelgiji, juu ya farasi, wameisimamisha 1931. Chini upande mmoja kuko wavuvi wa pale, upande mwingine Wakongomani wametazama juu kwake, na maneno yanasema eti wanamshukuru kwa kuwaokoa na utumwa wa Waarabu. Kumshukuru! Mtu aliyeifanya nchi yetu shamba lake toka 1885 mpaka 1908, watu wakikatwa mikono kwa sababu ya mpira wa kugema. Mwaka 2004 kuna watu wa pale pale walikuja wakakata mkono wa mmoja wa wale Wakongomani wa shaba, ili kila anayepita aulize kwa nini. Na watoto wangu waliuliza. Jirani yangu, ambaye babu yake alifanya kazi kwenye kampuni ya migodi ya Union Minière mpaka akafia kwenye ile kazi, aliwaeleza palepale, miguu imejaa mchanga, friti (viazi vya kukaanga) mkononi, na aliwaeleza vizuri kuliko ningeweza mimi. Nilifurahi wamesikia kwa mtu wa kwetu kabla ya kusikia shuleni.

Mchana tukasema tusirudi bado, tushuke na pwani mpaka De Panne, mwisho kabisa wa Ubelgiji, kuna tramu inakwenda kando ya bahari toka karibu na mpaka wa Uholanzi hadi karibu na mpaka wa Ufaransa, kilomita 67, ndiyo pwani yao yote. Na mjue, Kongo inaingiza Ubelgiji zaidi ya mara 70, lakini bahari yetu ya kule Muanda ni kama kilomita 40 tu, na mtu wa Goma kuifikia ni ndege, na ndege ni bei ya ng'ombe. Mimi bahari nimeionea kwa wenyewe.

De Panne ukitembea kwenye mchanga kuelekea magharibi unaingia Ufaransa. Hatukuona kamba, hatukuona kibanda wala askari, ni mchanga ule ule. Simu yangu ikalia, ujumbe wa kunikaribisha Ufaransa. Watoto wakaanza kukimbia huku na huku, sasa niko Ubelgiji, sasa niko Ufaransa. Mwenzetu wa Uvira akauliza, mpaka uko wapi kamili? Nikamwonyesha kwa kukisia. Akasimama. Yeye bado ana ile karatasi ya rangi ya machungwa, anangoja jibu la ukimbizi, na karatasi ile haimruhusu kutoka nchini. Hakuna ambaye angemwona. Watoto walimvuta mkono, tonton njoo, akawaambia hapana, mimi nawangojea hapa, akakaa kwenye mchanga akawashikia viatu mpaka tuliporudi.

Kijana wa Majengo, hapo njo jibu lako linaanzia. Yule mwenzetu wa Uvira ni fundi umeme mzuri, ana akili, ana nidhamu, na alipofika Bruxelles alilala kwenye hema kando ya mfereji wakati wa baridi, juu toka 2021 wanaume wanaofika peke yao mara nyingi wanaambiwa hakuna nafasi ya kulala. Sheria inamruhusu kufanya kazi baada ya miezi minne akiwa anangoja, na sasa anabeba makatoni usiku kwenye depo. Anangoja bado. Ukiniuliza njia, mimi njia ya jangwa na ya boti ya mpira sitakuelekeza, hata ukikasirika. Kama una diploma tafuta shule, tafuta burse (ufadhili wa masomo), andika, ukikataliwa andika tena, na barua zako nitumie nizisome, hiyo naweza.

Na mshahara, sitaficha. Nasafisha nyumba za watu, mikononi inaingia kama euro 1,500 kwa mwezi. Nyumba peke yake ni 900. Kuko umeme, gazi, simu, tramu, chakula, kuko na ile franga serikali inawapa watoto, inasaidia kweli, bila hiyo tusingefika mwisho wa mwezi. Kinachobaki njo mnachokiona kwenye simu zenu. Magoti yananiuma toka mwaka jana juu ya ngazi za hizo nyumba, na hilo silisemi kwenye video juu mama ataanza kulia.

Basi mama mdogo, nakuja kwako na nasema kwa heshima yote. Ile safari petroli tuligawana watu wazima watatu, ilinitoka kama euro 15, chakula kilitoka nyumbani, tulinunua friti tu na parking. Haikula minervali ya mtu. Lakini hata ingekuwa 30, ningekwenda. Wiki nzima watoto wananiona usiku tu nimechoka, nazungumza nao nikiwa nimefumba macho. Siku ile walikuwa na mama yao toka asubuhi mpaka jua linazama, na huku mwezi wa nane jua linakaa mpaka karibu saa tatu usiku. Walilala kwenye gari, mchanga mpaka masikioni. Sitaomba msamaha juu ya hiyo siku, na sitaki mtoto yeyote wa familia aambiwe kwamba anakosa shule juu yangu nilikwenda kuoga.

Minervali naituma mwanzo wa mwezi kama kawaida. Tangu benki zilipofungwa Goma mwanzo wa 2025 najua kutoa cash ni vita nyingine, na yule wa mara ya mwisho alikata komisyo kubwa sana, kwa hiyo kabla sijatuma ulizia pale Birere nani anakata kidogo, ama kama ni bora yaya wa kule avuke akachukulie Gisenyi, halafu unitumie namba na jina lililoandikishwa. Na shule iandike kwenye risiti jina la kila mtoto, siyo la familia tu, juu muhula uliopita walimrudisha mdogo nyumbani wakati tulikuwa tumemlipia.