Mwanangu, kuhusu hayo masaa kumi na moja ya Frankfurt

Marahaba mwanangu. Meseji yako nimeiona alfajiri nikitoka kuswali, pole sana baba. Yani likizo umeisubiri mwaka mzima alafu siku nzima inaishia kwenye kiti cha uwanja wa ndege, masaa kumi na moja Frankfurt na sa hivi tena huko unakobadilishia umeikosa ndege ya Dar mpaka kesho, kusoma tu moyo umeniuma. Ukaniuliza mama we ulikuwa unawezaje ulipokuwa Uingereza, mbona sikuwahi kukusikia ukilalamika.

Nililalamika baba, ila ulikuwa mdogo. Unakumbuka Aprili 2010 ulivyokuwa unamuuliza baba yako kila asubuhi kama mama anakuja leo? Ile volkano ya Aisilandi ililipuka tarehe 14, kesho yake majivu yakafika na anga yote ya Uingereza ikafungwa, mpaka tarehe 20 usiku ndo ndege zikaanza tena kuruka, na hapo foleni ya watu waliokwama haielezeki. Mi chumba changu cha mji wa Reading nilishamwachia mwenzangu, sina pa kurudi, nikalala chini pale uwanja wa ndege wa Heathrow.

Siku mbili za kwanza nilizipoteza zote. Nilikaa peke yangu nimekumbatia begi, macho kwenye ubao wa ndege, naogopa hata kwenda chooni, sili, siongei na mtu, nikiwapigia nyie nalia. Siku ya tatu dada mmoja wa Kenya akanisikia naongea Kiswahili kwenye simu, akaja akanishika mkono akasema dada hamia huku kwetu. Walikuwa watano, wanapeana zamu, mmoja analinda mabegi, mmoja yuko kwenye foleni ya kaunta, wengine wanalala au wanaenda kuoga. Siku hiyo ndo nikala nikashiba na nikalala masaa sita mfululizo. Yule dada ana mdogo wake anafanya kazi shamba la maua Naivasha, akatuambia maua yanakatwa ndege za kuyapeleka Ulaya hakuna, waridi zinatupwa na vibarua wanaambiwa wabaki nyumbani. Mi nilikuwa nalilia likizo yangu, kumbe kuna mtu Naivasha hana hela ya unga kwa majivu yaleyale. Tulikaa tunaongea mpaka kunakucha, na mpaka leo tunapigiana simu kila Idi na kila Krismasi.

Kwa hiyo hicho ndo nilichokuwa nafanya baba, sikai peke yangu. Uliniandikia kuna mama ana watoto wawili wako safari moja na wewe, nenda kamsalimie, muulize kama anataka kwenda kunawa umshikie mtoto. Kijerumani unakijua, pengine yeye lile tangazo la kaunta hakulielewa kabisa.

Ila kwanza haki yako usiiache, maana mi 2010 nilijinunulia kila kitu na risiti nikatupa, sikujua kwamba hata volkano ikilipuka fidia hulipwi ila chakula na mahali pa kulala ni juu ya shirika la ndege. Sheria ni ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2004, na kwa kuwa umetokea Frankfurt inakuhusu hata kama ndege yenyewe sio ya Ulaya. Kama tiketi yako ni moja mpaka Dar wanahesabu umefika Dar saa ngapi, sio umefika hapo ulipo saa ngapi. Safari ya zaidi ya kilomita 3,500, ukifika umechelewa zaidi ya masaa manne na kosa ni la kwao, ni yuro 600. Tunza boding pasi, piga picha ubao, waombe wakuandikie sababu kwa maandishi. Usiku huu waombe hoteli, waombe kwa upole lakini usiondoke pale kaunta bila jibu, na kabla hujatoka nje uliza kama unahitaji viza, pasipoti na kile kikadi chako cha ukaazi viwe mwilini, usiviache kwenye begi. Kudai hela utadai ukisharudi, una muda, leo kula ulale.

Alafu nipigie. Usiogope utanisumbua, nyie mkiwa huko mnatupigia dakika tano mnakimbilia kazini, leo una usiku mzima na mi nina maneno ya mwaka mzima, hata habari za shangazi yako sijakumalizia.

Baba yako ameshamwambia dereva, watakuja hata kama ni saa tisa ya usiku. Pweza nimemrudisha kwenye friza, ntamtoa ukiniandikia kwamba umeshakaa kwenye siti na mlango wa ndege umefungwa.

Mama yako